Mama Anapobisha Hodi Usiku



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Mwezi huu tuna jambo zito zaidi. Tunaomba mlisome mkiwa mmetulia na, kama nyumbani kwenu kuna amani, mlisome pamoja na baba watoto.

Sisi tunaokaa hapa Kwihara, kilometa chache kutoka Tabora mjini, tumezoea kuona wageni wakija kutazama tembe alimokaa Daktari Livingstone. Mwaka 1872, Stanley alipomuaga mwezi Machi na kurudi pwani, mzee yule alibaki hapa hadi Agosti akisubiri wapagazi. Njia hii ya zamani ilipitwa na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na wanawake wengi walipita hapa bila hiari yao. Misafara hiyo imekwisha. Lakini bado yuko mama anayetoka nyumbani kwake usiku bila viatu, mtoto mgongoni, akikimbia kipigo. Je, anakimbilia wapi?

TULIVYOKOSEA

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitufuata baada ya Misa. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alisema ameteleza kisimani. Baadhi yetu ni wauguzi, na tunajua kwamba mtu akianguka mara nyingi huchubuka viganja na magoti. Mama huyu viganja vyake vilikuwa vizima. Alikuwa amevimba mikono upande wa nje, kama mtu aliyejikinga na fimbo.

Tulijua. Hata hivyo tulimwambia, "Vumilia, mayu. Mwombee mumeo. Ndoa ni msalaba." Tukasali naye, naye akaenda zake.

Baada ya wiki tatu aliletwa usiku kwa baiskeli, damu ikimtoka. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kwa sababu ya teke la tumboni. Mama alipona, lakini mtoto hakupona. Alipopata nguvu za kusema alitutazama, akasema, "Nilikuja kwenu." Hakuongeza neno.

Wapendwa, maneno hayo mawili hatujayasahau. Mama yule alikuwa amebisha hodi, na sisi tulimrudisha mlangoni kwa maneno ya dini.

SI JAMBO LA WACHACHE

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanne wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. La kusikitisha zaidi, wanawake 58 katika kila 100 walisema mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula, kubishana naye, au kutoka bila kuaga. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Maana yake ni kwamba sisi wanawake tumekubali fimbo kuliko hata wanaume wenyewe! Tumeipokea kwa mama zetu, nasi tunawafundisha binti zetu jikoni.

MIJI YA MAKIMBILIO

Someni Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 19. Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge miji sita ili mtu aliyeua bila kukusudia apate pa kukimbilia. Kama aliyemwaga damu kwa bahati mbaya aliwekewa mahali pa usalama, itakuwaje kwa mama ambaye hakumdhuru mtu? Tena Mungu hakuagiza miji peke yake. Aliagiza pia njia ya kufika huko itengenezwe. Mji wa makimbilio usio na njia haumfai anayekimbia.

Huko Mugumu, wilayani Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Nyumba ya namna hiyo ni baraka kubwa. Sisi wa kikundi chetu hatuna jengo. Tuna vyumba vitatu katika nyumba zetu wenyewe, mikeka, vyandarua na debe la unga. Lakini tumejifunza kwamba, jengo liwepo au lisiwepo, mama anahitaji mtu wa kumsindikiza. Kazi yetu ni hiyo ya kuitengeneza njia.

KAZI YA MSINDIKIZAJI

Kwanza, tunasikiliza. Hatumwulizi, "Ulimfanyia nini?" Swali hilo tayari ni hukumu. Tunamwambia, "Pole mama. Tunakuamini. Hukustahili kupigwa." Wengine hulia kwa kusikia hayo tu, maana hawajawahi kuambiwa.

Pili, tunampeleka kutibiwa. Aliyekabwa koo asiachwe kulala nyumbani hata kama hana alama. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, au macho yakiwa na madoa ya damu, hiyo ni hatari. Koo linaweza kuvimba baada ya saa nyingi. Aliyewahi kukabwa yumo pia katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa siku za usoni. Mjamzito aliyepigwa tumboni apimwe siku hiyo hiyo hata kama hatoki damu. Aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Msemo wa wahenga ni wa kweli: mficha maradhi kilio humfichua.

Tatu, tunashughulikia karatasi. Tunakwenda naye polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kuchukua fomu namba 3, iitwayo PF3, ili majeraha yake yaandikwe. Mama anayetoka damu hutibiwa kwanza, na karatasi hufuata. Lakini asikose karatasi hiyo, kwa sababu jeraha hupona na ushahidi hupotea nalo.

Nne, tunamweleza sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume kumwadhibu mkewe kwa kumpiga, au mke mumewe, hata kama mila inaruhusu. Wengi huogopa kwamba wakiondoka watatoka mikono mitupu kwa sababu "nyumba ni ya baba." Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mumewe alikwisha kumpa fedha nyingine. Lakini neno lile limewasaidia wanawake wengi baada yake. Kupika kwako, kulea kwako na kupalilia kwako tumbaku si bure mbele ya sheria.

Tano, tunamwachia uamuzi. Hili ndilo gumu kwetu. Mama mmoja tuliyemhifadhi alirudi kwa mumewe baada ya siku nne. Baadhi yetu walikasirika, wakasema tumepoteza unga wetu. Tulimfungia maandazi, tukamwambia mlango uko wazi. Baada ya miezi miwili alibisha tena, usiku wa manane, na watoto wawili. Kama tungemfokea mara ya kwanza, asingethubutu kubisha mara ya pili.

JE, TUNAVUNJA NDOA?

Tunaulizwa hivyo mara kwa mara, hata na wakristo wenzetu. Jibu letu ni kwamba ndoa huvunjwa na mkono unaopiga. Anayeufungua mlango anaokoa maisha. Katika Waefeso, sura ya 5, wengi hukariri mstari wa 22 unaowahusu wake, wakauruka wa 25 unaowaagiza waume wapende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, hadi kujitoa. Usuluhishi ni kitu chema, na sheria inayatambua mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Lakini usimkalishe mama mbele ya aliyempiga jana, ukategemea aseme kweli. Na baba akisema ametubu, tushukuru, kisha tungoje matendo. Toba huonekana kwa muda, tena hasa msimu wa malipo ya tumbaku, fedha na pombe zinapokutana.

KWAKO UNAYEPIGWA

Mama, kama mistari hii inakuhusu, usiiache wazi mezani. Mpe jirani au ndugu unayemwamini akuwekee vitu hivi: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho, nauli kidogo, kanga na nguo za watoto. Patana naye neno la siri, kama kumtuma mtoto "akaombe chumvi," ili ajue kwamba umo hatarini. Usimtangazie mumeo kwamba unaondoka, kwa maana wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa. Afisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria wapo kwa ajili yako. Na kama mtoto ndiye anayeteswa, simu namba 116 hupigwa bure.

KWETU SOTE

Si kila mama anaweza kuwa muuguzi au mwanasheria. Lakini kila mmoja wetu ana mlango. Usiku ukisikia hodi ya sauti ya chini, usiulize maswali kupitia dirishani. Fungua, mwingize ndani, mpe maji, wafunike watoto. Maneno mengine yatasubiri asubuhi, na asubuhi usimwache aende peke yake.

Katika mikutano yenu ya akina mama mwezi huu, kaeni na swali hili: katika mtaa wetu, mwenzetu akikimbia leo usiku, njia yake inaelekea kwa nani? Kama hakuna anayejua jibu, hapo ndipo kazi yenu inapoanzia.

Tuwaombee waliopigwa, na tuwaombee wanaopiga wageuke. Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde familia zenu.