Malakiti ikae kabatini

Katanga nzima inajivunia malakiti, na ni haki yake. Jiwe hilo la kijani lenye mawimbi hutoka ukanda wa shaba wa Kolwezi na Likasi, huchongwa tembo, mamba na visanduku, na kutoka Lubumbashi hadi kwetu Kamina hupanda treni kama zawadi nyingine yoyote. Anayefuga samaki kwenye tangi la kioo akiliona, humjia wazo la kulitia majini. Tunamwambia asilitie.

Malakiti ni kaboneti ya shaba. Ndani ya maji laini au yenye uchachu kidogo, shaba hiyo huyeyuka polepole bila rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa. Samaki hana ngozi ngumu kiasi hicho: wanaotibu vimelea kwa dawa ya shaba hukomea kwenye miligramu 0.15 hadi 0.2, na hata hapo kamba na konokono hawaponi. Shaba hushambulia matamvua, samaki akashindwa kushika chumvi mwilini. Wasio na magamba, kama kambare, ndio huumia mapema.

Na misalaba ya shaba je? Ile iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, humu humu jimboni, ni urithi wetu wa fahari, na nakala zake zinapendeza. Zitundikwe ukutani.

Mawe mengine yajaribiwe kwa siki. Tone likitoa povu, jiwe lina chokaa na litafanya maji kuwa magumu. Samaki wa ziwa Tanganyika hawana neno na hilo. Wapo hata wanaofanya makombe ya konokono kuwa nyumba zao. Tetra wa Kongo, aliyezoea maji laini, atateseka. Lakini siki si hakimu wa kila kitu: jiwe lenye madoa ya kijani au buluu liachwe hata lisipotoa povu, na lililookotwa karibu na mgodi lisiguswe kabisa.

Tetra dume ana mapezi marefu yanayoning'inia kama shela, kwa hiyo ncha kali nazo ni adui. Pitisha soksi nyepesi ya nailoni juu ya pambo, pamoja na yale majani ya plastiki ya dukani. Ikinasa uzi, pezi nalo litanasa.

Mbona vitu salama tunavyo, tena kwa bei ya karanga! Chungu cha mfinyanzi kisichopakwa rangi, kikivunjwa mdomo na kusuguliwa kingo, ni maficho mazuri. Itale inafaa. Gogo gumu lililokauka linafaa pia, likichemshwa mara kadhaa. Mimea ya kinamasi ioshwe vizuri, na anayeichuma asiingie majini peku, kwani konokono wa huko huweza kubeba kichocho.

Wauzaji wa malakiti wamwambie mteja kwamba jiwe hilo si la majini. Aliyekwisha kulitia alitoe leo, kisha abadilishe maji robo kwa robo kwa siku kadhaa. Akiyamwaga yote kwa mpigo, samaki waliokwisha dhoofika watakufa kwa mshtuko.