Majibu ya maabara si neno la mwisho

Dominika ya leo nina kosa la kuungama mbele yenu. Lingeweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Miaka michache iliyopita niliitwa hospitali kumbatiza mtoto njiti. Alikuwa amezaliwa kwa mimba ya miezi saba, akiwa na siku 12 tu duniani na uzito wa gramu 1,200. Nilimbatiza kwa matone machache ya maji, nikampaka mafuta kwa ncha ya kidole kwa sababu paji lake lisingebeba zaidi.

Nilipotoka wodini nikamkuta bibi yake mlangoni, amefura kwa hasira. Tangu alfajiri muuguzi alikuwa amesimamisha maziwa. Mama amekamua, kikombe kipo mezani, mtoto hapewi. Na majibu ya damu yaliyotoka maabara asubuhi ile yalikuwa safi.

"Padre," akaniambia, "mjukuu wangu anashinda na njaa na wala haumwi. Sema nao wewe, watakusikia."

Nikaenda kusema nao. Nilimwambia muuguzi kwamba kipimo kimeshasema, basi amhurumie mtoto, ampe walau kidogo. Yule binti, wa umri wa kuwa mwanangu, akanijibu kwa adabu: "Nisamehe, Padre. Majibu nimeyaona. Ila tumbo la huyu mtoto silipendi." Hakumpa hata tone. Nilirudi parokiani nimeudhika.

Usiku ule tumbo likavimba na kukaza. Mtoto akatapika nyongo ya kijani, na kinyesi chake kikawa na damu. Picha ya eksirei ikaonyesha vipovu vya hewa ndani ya kuta za utumbo. Ulikuwa ule ugonjwa ambao madaktari huuita NEC, ambapo utumbo wa mtoto mchanga huvimba na sehemu yake huweza kuoza, hata kutoboka. Huwapata zaidi watoto njiti, hasa walio chini ya kilo moja na nusu, na huua wengi. Mtoto akiwa katika hali ile, kumlisha ni kumwongezea hatari. Maziwa niliyoyatetea yangeweza kumuua.

Baadaye daktari alinieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Hadi leo hakuna kipimo cha damu ambacho peke yake kinaweza kuthibitisha ugonjwa huu au kuuondoa shakani. Kuna protini iitwayo CRP ambayo hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, lakini huchukua saa nyingi kupanda, na hupanda kwa magonjwa mengine pia. Kuna chembe za kugandisha damu, ambazo hushuka hali ikiwa mbaya. Kuna kuotesha vijidudu vya damu maabara, ambako huweza kuchukua siku mbili au zaidi. Watafiti wanaendelea kutafuta protini zinazovuja kutoka utumbo ulioumia na kuingia kwenye damu, ili ugonjwa ugunduliwe mapema. Tuwaombee. Lakini kwa sasa daktari hukusanya yote: damu, picha, na macho ya anayekesha kando ya mtoto.

Tena damu yenyewe ni haba. Mtoto wa kilo moja ana damu isiyofika nusu ya kikombe cha chai. Huwezi kumchoma kila saa ili moyo wako utulie.

Nimemfikiria sana Jairo katika Injili ya Marko, sura ya tano. Binti yake yu mahututi, naye amefanikiwa kumpata Yesu. Njiani Yesu anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Jairo anasubiri. Kisha unakuja ujumbe kutoka nyumbani kwamba mtoto amekwisha kufa, asimsumbue tena Mwalimu. Hayo nayo yalikuwa majibu, na waliyoyaleta walikuwa na hakika nayo. Yesu hakumpa Jairo maelezo marefu. Alimtia moyo asiogope, akaendelea kutembea naye hadi kitandani.

Sisi waamini tunapenda neno moja la kumaliza shauri. Kipimo kikiwa kizuri tunaimba, kikiwa kibaya tunatafuta aliyetuloga. Daktari akisema "bado tunamwangalia," tunasema hajui kazi. Kumbe kukesha ni sehemu ya tiba, na ni sehemu ya imani pia. Yule muuguzi hakukidharau kipimo. Alikataa tu kufumba macho kwa sababu kipimo kimesema.

Ndiyo maana nasema hili kwa parokia zetu. Tunachangia mashine kwa furaha, tunazibariki na kukata utepe. Ni vema. Lakini nani anamkumbuka muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anayeangalia vitanda vingi? Mashine bila macho ya kuiongoza haimwokoi mtu. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchangia damu, kwani watoto hawa huhitaji kuongezewa. WAWATA wanaweza kumpelekea chakula mama aliye wodini, maana maziwa ya mama ni kinga kubwa dhidi ya ugonjwa huu kuliko maziwa ya kopo. Nairobi, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019 kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawana maziwa ya kutosha. Nasi tunaweza kujifunza.

Mtoto wetu alipelekwa hospitali ya rufaa, akakatwa kipande cha utumbo. Kwa siku nyingi aliishi kwa dripu. Na kila baada ya saa tatu mama yake alikamua maziwa, kwa mtoto asiyeruhusiwa kuonja hata tone, ili yasikauke kabla ya siku yake kufika. Nimehubiri juu ya matumaini miaka mingi. Sijawahi kuyaona waziwazi kama katika kikombe kile.

Binti ya Jairo alipoinuka, Yesu aliagiza apewe chakula. Siku moja asubuhi daktari alimwambia mama yule maneno yanayofanana na hayo: leo tumwanzishie maziwa, kidogo kidogo. Bibi alinipigia simu akilia. Nilimwomba anipe namba ya yule muuguzi, kwa maana nilikuwa na deni la kumwomba radhi.