Moshi Waligawana Vyeo, Bunduki Wakaziacha

Ukisikia wakubwa wametia saini mkataba wa amani, uliza kwanza: bunduki zitakusanywa na nani, lini, na zitateketezwa wapi? Pasipo jibu, hapana amani. Watu wamegawana vyeo tu.

Ushahidi uko hapa Moshi. Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa bado vinarindima, Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana katika mji huu wakaunda umoja wao, UNLF, Yusuf Lule akiwa mwenyekiti. Kikosi Maalum cha wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na kundi la Fronasa la Museveni viliunganishwa kwa jina. Kila kimoja kilibaki na watu wake na utii wake. Mbaya zaidi, wenye silaha walipewa chombo chao, Tume ya Kijeshi. Amin alipoangushwa, Lule alitawala siku 68 akaondolewa. Mei 1980, tume hiyo hiyo iliyozaliwa Moshi ikampindua mrithi wake, Godfrey Binaisa. Februari 1981 Museveni akaingia msituni, na Waganda wakaanza kuzika upya.

Huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, askari wa Amin walipotimka, wafugaji waliivamia kambi ya Moroto wakabeba bunduki na risasi. Wizi wa ng'ombe ukawa vita vya rashasha. Serikali ya Uganda ilikwenda kukusanya silaha hizo 2001, ikarudi 2006, ikarudi tena 2021. Ghala moja lisilolindwa! Zaidi ya miaka 40 ya misiba!

Tumejifunza nini? Mwaka 2013 vijana wetu wa JWTZ walikwenda Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoagizwa kuyapokonya silaha makundi ya waasi. Waasi wa M23 wakapigwa, wakavuka kwenda Uganda na Rwanda. Desemba 2017 tulipoteza wanajeshi wasiopungua 14 kule Semuliki, mikononi mwa waasi wengine. Na M23? Januari 2025 waliuteka mji wa Goma. Waasi wa porini hawana kiwanda cha mizinga. Kuna serikali zinazowapa, na zinajulikana.

Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ilisainiwa 2004, na nchi zetu zimo. Wabunge wa Afrika Mashariki mnaokutana Arusha, jirani zetu kabisa, kataeni kuupongeza mkataba wowote wa Kongo usiotaja tarehe ya kukusanya silaha, mahali pa kuziteketeza, na jina la nchi inayozipeleka.