Taa za Mapambo Katika Baiskeli: Sheria Yasemaje?



Jua linapozama katika jiji la Kampala, barabara hujaa taa za kila namna. Kati ya magari, teksi na pikipiki za boda boda hupita pia baiskeli, moja imebeba mikungu ya matoke, nyingine madebe ya maziwa, nyingine fundi anayerudi kwake baada ya kazi ya kutwa. Baadhi ya baiskeli hizo hazina taa hata moja. Nyingine zimepambwa kwa vitaa vya kijani, buluu, nyekundu na zambarau, vilivyofungwa katika spoki, usukani na keria, vikimetameta kama nyumba ya arusi. Swali linaloulizwa katika kambi na vituo ni hili: je, mapambo hayo ni halali? Na askari akikutana nayo njiani, yampasa afanye nini?

Huenda wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kupewa nafasi gazetini. Lakini kwa mwenye baiskeli si dogo. Baiskeli yake ndiyo jembe lake na duka lake. Ikizuiliwa kituoni kwa siku tatu, nyumba nzima yakosa riziki kwa siku tatu. Kwa upande wa pili, baiskeli isiyoonekana vema gizani yaweza kumwua mwenyewe, na kumwingiza dereva asiye na hatia katika mkasa wa maisha. Kwa hiyo pande zote mbili za swali hili zina uhai wa mtu ndani yake, na askari hana ruhusa ya kulijibu kwa kubahatisha.

Tena baiskeli si chombo cha kudharauliwa katika nchi hii. Jina boda boda lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli. Katika miaka ya 1960, vijana wa Busia waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande wa Uganda hadi kile cha Kenya, na kutokana na mpaka huo kazi yao ikapata jina. Pikipiki zilifuata baadaye. Hata sisi wa majeshi tunajua kazi ya chombo hiki. Mwaka 1941 na 1942 askari wa Japani walisafiri kwa baiskeli katika nchi ya Malaya wakawashangaza Waingereza kwa kasi yao. Na mwaka 1954 wachukuzi wa Vietnam walisukuma baiskeli zilizosheheni chakula na risasi hadi Dien Bien Phu, ambako jeshi la Ufaransa lilishindwa.

Sasa na tutazame jambo la taa. Kila aliyepita katika mafunzo ya usiku anafahamu kwamba taa ni neno. Kurunzi ikiwashwa mara moja ina maana yake, ikiwashwa mara mbili ina maana nyingine, na sigara moja iliyowashwa mahali pasipofaa imekwisha kumwambia adui ulipo. Barabarani ni vivyo hivyo. Taa nyeupe humwambia dereva: hapa pana chombo kinachokuja kwako. Taa nyekundu humwambia: hapa pana mgongo wa chombo, punguza mwendo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Likienda kilometa 80 kwa saa, hupita mita 22. Dereva anayesita kwa sekunde moja tu kwa sababu taa aliyoiona haikueleweka, amekwisha kula nafasi ambayo ingemtosha kuliepusha gari lake.

Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, katika kifungu chake cha 44, uliitaka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, kioo chekundu cha kurudisha mwanga upande wa nyuma, na vifaa vya kuonyesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Masharti hayo ni machache, na yanaeleweka hata na mtu asiyejua kusoma. Yafaa kila askari ayashike kichwani kama anavyoshika namba yake ya kazi.

Tukitumia kipimo hicho, tutaona kwamba vitaa vya mapambo si kitu kimoja. Vyagawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitaa vinavyosema uongo. Mtu anayefunga taa nyekundu mbele ya baiskeli yake na nyeupe nyuma amewadanganya wenzake juu ya upande anakokwenda. Mtu anayefunga taa za buluu zinazomweka mfano wa zile za gari la polisi au la wagonjwa amejivika sauti isiyo yake. Taa hizo zimewekwa kwa ajili ya vyombo vya dharura ili raia wavipishe njia. Zikiwa za kila mtu, zitakuwa si za mtu yeyote, na siku gari la wagonjwa litakapopita na mama anayetaka kujifungua, hakuna atakayelipisha. Hapa askari wa trafiki asione haya kumsimamisha mwenye baiskeli.

Fungu la pili ni vitaa vilivyochukua nafasi ya taa za lazima. Baiskeli yaweza kuwa na vitaa thelathini katika magurudumu, nayo isiwe na taa moja nyeupe mbele wala kioo kimoja chekundu nyuma. Mwenyewe hudhani anaonekana, kumbe anayemwona kutoka mbali hajui kama hicho ni chombo kinachokuja, kinachokwenda, au ni kibanda cha muuza chipsi kando ya njia. Kosa hapa si pambo. Kosa ni upungufu wa kile kinachotakiwa, na askari amweleze hivyo mwenye baiskeli, maana akiambiwa tu kwamba vitaa vyake ni vibaya atavitoa vyote na kuendelea gizani, na hali itakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Fungu la tatu ni vitaa vya mapambo matupu: mtu ana taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele na breki, kisha akaongeza vitaa vya kijani katika spoki kwa kupenda uzuri. Hapa ndipo askari wengi huteleza. Macho yao hayakupendezwa, basi hutafuta kosa. Lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28 ibara ndogo ya 12, inasema wazi kwamba, isipokuwa kwa kosa la kudharau mahakama, mtu hatatiwa hatiani kwa kosa la jinai ila kosa hilo liwe limeelezwa na adhabu yake kuwekwa na sheria. Askari anayemzuia mtu kwa vitaa vya spoki aulizwe swali moja tu: ni kifungu gani? Kama anacho, akitaje. Kama hana, amwachie mtu aende zake.

Mahakama zetu hazilichukulii jambo hili kwa mzaha. Mwezi wa Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu za sheria ya jinai zilizokuwa zikitumiwa kuwakamata watu kwa kuitwa wazururaji, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno hata mtu asiweze kujua kosa lake ni lipi. Ikiwa neno lililoandikwa katika kitabu cha sheria laweza kutupwa kwa sababu halieleweki, sembuse neno lisiloandikwa popote ila katika hasira ya askari mmoja?

Nchi nyingine pia zimepita katika swali hili. Uingereza ina kanuni za taa za vyombo vya barabarani za mwaka 1989. Kwa miaka mingi taa ya kumweka haikukubaliwa kuwa taa halali ya baiskeli, ingawa watu waliitumia. Mwaka 2005 kanuni zilibadilishwa, taa hiyo ikaruhusiwa, mradi imweke kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Ujerumani, kwa upande wake, iliendelea kuikataza taa ya kumweka katika baiskeli. Nchi hizo mbili zilifika mahali tofauti, lakini kila moja ilifika kwa maandishi. Raia alijua, na polisi alijua. Huo ndio mfano wa kufuatwa. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020, na Waziri anayehusika ana uwezo wa kutunga kanuni chini yake. Ikiwa vitaa vya mapambo vimekuwa vingi hata kuleta hatari, dawa ni kanuni fupi inayotaja rangi, mahali na namna ya kumweka, itangazwe redioni na kubandikwa sokoni kwa lugha wanazozielewa wananchi.

Wapo maafande watakaojibu kwamba kumngoja mtunga sheria ni kuchelewa, na kwamba ajali haingoji kanuni. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake limo katika kazi yetu wenyewe. Kuonya si kushitaki. Askari aweza kumsimamisha mpanda baiskeli kwa salamu njema, akamweleza kwamba vitaa vyake vya mbele vinamchanganya dereva, akamshauri avihamishe. Kazi hiyo haihitaji risiti wala pingu. Kifungu cha 212 cha Katiba kinawataka polisi washirikiane na wananchi, na ushirikiano wa namna hiyo huanzia hapo kando ya barabara.

Kwa wenzangu wa jeshi nina neno la pekee. Taa za baiskeli ni kazi ya polisi wa trafiki. Mwanajeshi aliye likizo au njiani kwenda kambini hana amri ya kumsimamisha raia kwa taa, kuzing'oa taa zake, wala kumwadhibu. Kifungu cha 208 cha Katiba kinalitaka jeshi liwe na nidhamu na kuwa chini ya mamlaka ya kiraia. Na kanuni zetu za mwenendo zinatukataza kumtukana raia, kumpiga, au kuchukua mali yake. Kitaa cha shilingi chache nacho ni mali. Vilevile kwa ndugu polisi: faini ya papo kwa papo hulipwa kwa njia rasmi ya serikali, wala haitiwi mkononi mwa askari. Anayeipokea mkononi amegeuza kitaa cha kijani kuwa mradi wake, na ndipo raia hujifunza kuikimbia sare badala ya kuikimbilia.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Na utukate na sisi. Baiskeli za askari zinazotoka makambini na vituoni usiku ziwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Magari yetu yasiwashe taa za buluu na ving'ora kwa safari ya kununua mkate. Wakuu wa vikosi na vituo wakague jambo hili katika gwaride la asubuhi, kama wanavyokagua viatu na vifungo. Hapo askari atakapomwambia mwananchi arekebishe taa yake, mwananchi atatazama chombo cha askari, aone kimetimia, naye atatii bila kunung'unika.