Mtunzi na Jina Lake

Charles Hamilton, Mwingereza aliyezaliwa Ealing mwaka 1876 na kufariki dunia tarehe 24 Desemba 1961, huhesabiwa miongoni mwa watunzi walioandika maneno mengi kupita wote duniani. Wasomaji wake lakini hawakumjua kwa jina hilo. Kwao yeye alikuwa Frank Richards, mtunzi wa hadithi za kuchekesha za wanafunzi wa Greyfriars, skuli ya kubuni, zilizotoka katika gazeti la kila wiki la The Magnet kuanzia mwaka 1908 hadi 1940. Katika gazeti jengine, The Gem, aliitwa Martin Clifford. Tunamzungumza leo kwa sababu yaliyomfika yanawahusu watunzi wa Visiwa vyetu, na zaidi yanawahusu wakubwa wenye dhamana ya elimu na sanaa.

Kijana aliyempatia sifa ni Billy Bunter: mnene, mvaa miwani, mlafi, na mwongo asiyejua kusema uongo. Siku zote Bunter hungojea hawala ya posta kutoka kwa jamaa zake, na siku zote huomba akopeshwe kwa dhamana ya hawala hiyo isiyofika. Kichekesho hicho kimoja kilirudiwa miaka nenda miaka rudi na watoto hawakukichoka, kwani kila darasa lina Bunter wake, na kusema kweli kila ofisi pia.

Hatusemi kwamba kila alichokiandika kilikuwa chema. Mwaka 1940 George Orwell alizishutumu hadithi hizo katika jarida la Horizon, kwamba zinawaonyesha watoto dunia isiyobadilika, ambamo mgeni ni kitu cha kuchekwa. Alidhani pia kwamba kazi nyingi namna ile haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Hamilton alimjibu katika jarida lile lile kwamba mtu huyo ni yeye, na kwamba wageni kweli wanachekesha. Sisi tuliopata kutawaliwa, tukisoma Kiingereza cha ajabu alichovishwa mwanafunzi wa Kihindi, Hurree Jamset Ram Singh, tuko upande wa Orwell. Ingawa ni haki kusema kwamba Mhindi huyo aliwekwa miongoni mwa vijana mashujaa wa hadithi.

Mwezi wa Mei 1940, karatasi zilipoadimika kwa ajili ya vita, The Magnet likafungwa. Hamilton alikuwa na umri wa miaka 63. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba Bunter, wenzake na skuli yao walikuwa mali ya kampuni ya Amalgamated Press. Hata jina la Frank Richards halikuwa lake peke yake, maana miaka ya nyuma, hadithi zake zilipokosekana, kampuni iliwapa watu wengine waandike chini ya jina hilo. Basi mzee huyo akazuiliwa kuendelea na hadithi za vijana aliowazaa kwa kalamu yake. Ni kweli kwamba alipenda kamari na fedha zake alizitapanya mwenyewe. Hilo ni kosa lake. Lakini Bunter hakumpoteza kwa kamari. Ruhusa ilipatikana baada ya vita tu, na mwaka 1947 kitabu cha kwanza cha Bunter kikatolewa na mchapishaji mwengine, Charles Skilton. Kuanzia mwaka 1952 BBC ikamwonyesha Bunter katika televisheni.

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki iliyopitishwa mwaka 2003. Hilo ni jambo jema, lakini sheria haimfai sana mtunzi aliyekwisha kutia saini karatasi asiyoielewa. Mwalimu wa Pemba anayetunga hadithi za watoto usiku, baada ya kusahihisha madaftari, akipelekewa mkataba amuulize nani?

Tunawaomba wahusika watayarishe mfano wa mkataba kwa Kiswahili chepesi, utakaotaja muda wake, na utakaomrejeshea mtunzi haki zake iwapo kitabu hakichapwi tena. Mfano huo uwekwe katika kila ofisi ya elimu ya wilaya, Unguja na Pemba. Na Wizara inaponunua vitabu kwa ajili ya skuli, kabla ya kulipa imuulize mchapishaji swali moja: mwenye kutunga kitabu hiki amelipwa nini?