Kabla ya kununua unga wa vidonda vya tumbo

Huenda umeuziwa stendi ya Sumbawanga, mnadani Laela au kupitia simu: kikopo cha unga chenye maandishi ya Kihindi, na muuzaji anaapa kuwa ni Ayurveda na kinamaliza vidonda vya tumbo kabisa. Usimcheke aliyenunua. Kiungulia kikikukosesha usingizi miezi sita, utajaribu chochote.

Ayurveda yenyewe si utapeli. Ni tiba asili ya India yenye vyuo na hospitali zake, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha kimataifa cha tiba asili huko Jamnagar, India. Kwa mwenye tindikali nyingi, waganga wake huanza na mlo: kula kwa wakati, punguza pilipili, pombe na vitu vichachu, usilale ukiwa umeshiba. Hapo hawapishani na mganga wa zahanati yako. Baridi ya Ufipa mwezi Juni inashawishi mtu ale ugali wa moto na kuingia kwenye blanketi papo hapo, lakini tumbo linahitaji saa mbili hadi tatu kabla ya kulala.

Tatizo linaanzia kwenye unga. Urukususu, mzizi mtamu unaotumiwa sana katika dawa hizi, ukitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Mjamzito, mwenye presha au mgonjwa wa moyo auepuke. Pia kuna madini. Watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na mwaka 2008 wakatangaza kuwa karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Kwetu, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji namba yake ya usajili na ya dawa yake. Akianza kuzungusha maneno, umeshapata jibu.

Lakini hata unga safi unaweza kukuchelewesha. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao ili kuthibitisha, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu anatibiwa kwa antibayotiki angalau mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Hakuna unga uliothibitishwa kufanya kazi hiyo. Unga unaweza kutuliza moto huku kidonda kikiendelea kuchimba.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu. Mgongo ukiuma baada ya kulima, unanunua diklofenaki au ibuprofen duka la dawa, unameza wiki nzima, kisha unashangaa tumbo linawaka. Mweleze mhudumu wa afya kila ulichomeza.

Omba kipimo cha choo cha H. pylori. Kipimo cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi miezi mingi baada ya kupona, na wengi wamerudishiwa dozi bila sababu. Kurudia kipimo cha choo kunafanyika angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazole iwe imesimamishwa wiki mbili kabla.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama unapomeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya kuangaliwa tumbo kwa kamera, ni zaidi ya kilomita 300, na fedha ya vikopo vitatu vya unga ingesaidia nauli. Kikopo nacho kibebe, daktari akione.