Mchezo wa Dola na Watoto wa Mpakani

Yapo matumaini ambayo vijana wa Busia na Tororo huyaweka katika mpira, na yapo ambayo wengine huyaweka katika kompyuta. Mchezo uitwao Civilization ulitolewa kwanza Marekani mwaka 1991. Mchezaji hupewa taifa changa, naye hulikuza kwa kilimo, elimu, biashara na vita, akipima kila hatua kama mcheza bao apimavyo kete zake. Kila baada ya miaka kadhaa hutoka toleo jipya, na baadaye nyongeza zenye mataifa mengine.

Toleo la sita, la mwaka 2016, liliitia Zanzibar kuwa mji wa karafuu na mdalasini. La saba, la Februari 2025, liliileta Buganda, pamoja na Muzibu Azaala Mpanga, jumba la makaburi ya makabaka huko Kasubi. Hilo ni jambo la fahari. Lakini mtoto wa Kiteso au wa Kipadhola awatafutapo babu zake humo, hawaoni.

Sababu yaeleweka. Mchezo huo hupenda mfalme na mji mkuu, hali mababu hao waliamua mambo yao kwa wazee wa koo. Katika matoleo ya awali, waishio nje ya dola waliitwa washenzi, kazi yao ikiwa kushambulia na kushindwa. Fikra hiyo si ngeni mpakani. Waganda waliiita nchi hiyo Bukedi, yaani nchi ya watu walio uchi, na Semei Kakungulu akaiingia na jeshi lake karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika. Mwaka 1902 Waingereza wakaihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda, Busia ya Kenya ikiwamo, na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka.

Basi nyongeza inayostahili kutumainiwa si ya jina jipya tu, bali ya kanuni mpya: mchezaji ashinde kwa kupatanisha koo na kuulinda undugu uliokatwa na mpaka.

Hata hivyo, watengenezaji wa michezo huchota katika vitabu. Apolo Kagwa alichapisha historia ya makabaka mwaka 1901. Wapadhola walisubiri hadi mwaka 1967, Bethwell Ogot alipochapisha historia ya Wajaluo wa kusini, aliyoikusanya kwa kuwasikiliza wazee. Bila kazi za namna hiyo, hata mtengenezaji mwenye nia njema hana pa kuanzia.

Hapo ndipo wajibu wa nyumbani unapoingia. Mzazi asimfukuze mtoto kwenye kompyuta kwa fimbo. Ampe daftari na kumtuma kwa bibi na babu, akaandike majina ya koo, njia walizopita, na jinsi ugomvi wa malisho ulivyomalizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Historia nayo ni mali.